Ule Mkwaruzo Si Ubovu

Juzi kijana wa jirani yetu aliniletea flashi yenye nyimbo za marehemu mzee Hukwe Zawose. Anatengeneza vipande vya video vya kuitangaza Bagamoyo: Ngome Kongwe, magofu ya Kaole, mashua zikishusha samaki, pweza kwenye karai. Chini ya picha hizo anataka uende muziki wa hapahapa nyumbani, si ile midundo ya kuokota mtandaoni. Nikampongeza. Kisha akanieleza kilichomleta.

"Anko, nyimbo zenyewe kali, ila rekodi mbovu. Zina mkwaruzo. Nisafishie."

"Mkwaruzo upi?"

Akanivika hedifoni, akaachia wimbo, akanyoosha kidole. "Huo! Sikia, zzzz. Kila anapogusa chuma."

Nikamwambia, mwanangu, huo si ubovu wa rekodi. Ndiyo sauti ya ilimba, ile ala ya Kigogo ya ndimi za chuma, na imewekwa makusudi. Akacheka kwa adabu, kicheko kile cha kumchekea mtu mzima, akachukua flashi yake akaondoka. Nadhani ameshampata fundi mwingine mwenye programu ya kukwangua sauti, na siku si nyingi mtasikia ilimba iliyonyolewa. Basi ngoja niyaseme hapa, maana pale kwenye benchi hakunipa nafasi.

Mimi ni fundi mitambo. Nakodisha spika, maiki na jenereta kwa arusi, maulidi na mikutano ya hadhara, na msimu wa tamasha la sanaa ukifika hupewa majukwaa madogo madogo. Sikusoma muziki. Nilianza kwa kumbebea waya fundi mmoja wa Dunda, nalipwa chai na andazi. Ninachokijua kuhusu muziki ni kile kinachopita kwenye waya; mengine ni ya mtoto aliyekulia mji huu, ambaye mama yake alikuwa akiuza vitumbua karibu na Chuo cha Sanaa.

Wadogo zangu pengine mnalijua jina tu. Hukwe Ubi Zawose alizaliwa mwaka 1938 kijijini Doduma, mkoani Dodoma, Mgogo wa Ugogoni hasa. Mwalimu Nyerere, ambaye mwishoni mwa 1962 aliunda wizara ya utamaduni wa taifa na vijana, alimwita Dar es Salaam. Baadaye akaja huku, na Bagamoyo ndiko alikofia, tarehe 30 Desemba 2003. Kuanzia katikati ya miaka ya themanini alizunguka dunia na ilimba yake. Kampuni ya Real World ya Uingereza ilimtolea Chibite mwaka 1996, na mwaka 2002 ikatoa Mkuki wa Rocho na Assembly, hiyo ya pili akiwa na Michael Brook, mpiga gitaa wa Kanada. Hayo yako kila mahali, sina haja ya kuyarefusha.

Nilipokuwa mdogo kuna jambo moja lilinisumbua: Mgogo anatafuta nini pwani? Nilimwuliza mama. Mama ni Mkwere, na Mkwere hakosi jibu. "Barabara ni yao," akasema. Ilinichukua muda kuelewa. Misafara ya karne ya 19 iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilikatiza Ugogo, nchi kavu yenye visima vya kuhesabu, na watemi wa Kigogo waliwatoza wapitaji hongo: vitambaa, shanga, waya wa shaba. Hujatoa, hunywi wala hupiti. Kwa hesabu ya mama, mzee Zawose alikuwa ameteremka mpaka mwisho wa njia kufuata chenji.

Sasa ilimba. Huku pwani tunazijua malimba za Wazaramo. Ile ya Kigogo ni sanduku la mti lililo wazi ndani, na juu yake zimepangwa ndimi za chuma kilichofuliwa kikawa bapa, zimebanwa kwa upau ili ncha zibaki huru. Mpigaji anazibonyeza kwa vidole na kuziachia. Za mzee Zawose zilikuwa kubwa, zenye makumi ya ndimi. Kwenye sanduku kuna tundu, na tundu hilo huzibwa kwa utando unaotolewa kwenye kifuko ambamo buibui huhifadhi mayai yake. Utando huo ndio unaotetemeka, na hapo ndipo unapotoka ule mkwaruzo uliomkera kijana wangu.

Hebu ifikirie kazi yenyewe. Mtu ameshachonga mti, ameshafua chuma, amesogeza ulimi mmoja mmoja mbele na nyuma mpaka sauti zimekaa. Halafu anatoka nje kutafuta kifuko cha buibui ukutani, anakibandua taratibu kisipasuke, anakibandika. Asingeutaka mkwaruzo angeacha tundu wazi akaenda zake kulala.

Na kuna jambo la pili ambalo hiyo programu ya kusafishia haitalielewa hata siku moja. Miongoni mwa ndimi za ilimba kubwa zipo ambazo hazipigwi. Zimepangwa na wenzake, zimetafutiwa sauti yake kwa subira ileile, lakini mpigaji hazigusi wimbo mzima. Akizipiga nyingine, hizi zinaamka zenyewe na kuitika. Watu wa Bagamoyo huwa nawaelezea kwa mfano wa maulidi: msomaji ni mmoja, waliokaa kwenye mikeka hawakushika kitabu, lakini waondoe uone kama kuna maulidi. Mimi huu ndio ufundi ninaouhusudu kuliko wote niliouona jukwaani. Kutengeneza chuma, kukipanga sauti, kisha kukiacha.

Ukisikiliza kwa spika za simu huzisikii ndimi hizo. Unasikia tu kwamba wimbo umenona, hujui umenoneshwa na nini. Kwa hedifoni nzuri, mpigaji akinyamaza ghafla, zinaendelea kidogo peke yake baada ya vidole kutoka.

Halafu kuna mpangilio wa sauti zenyewe, ambao uliwahi kunitoa jasho. Kikundi fulani cha vijana kilitaka kuchanganya ilimba na kinanda cha umeme. Mpiga kinanda alikuwa mzuri, wa kanisani, anayejua funguo zote. Akashuka, akapanda, akabonyeza vitufe vya kugeuzia sauti, kila akipatia tatu, ya nne inamkimbia. Ikabidi wapige kwa zamu. Sababu ni kwamba muziki wa Kigogo unafuata ngazi ya sauti inayozaliwa na waya au pembe yenyewe, si ile iliyogawanywa sawasawa ya kinanda. Ukitaka kuipata bila kwenda Dodoma, kaza waya mmoja mrefu, uguse kwa wepesi kwenye sehemu yake ya saba, kisha uupige. Sauti utakayoipata iko chini ya ile ya kinanda kwa karibu theluthi ya nusu-toni. Kinanda hakina kitufe cha hapo. Wazungu wa studio walilijua hilo wakaizunguka ilimba kwa heshima. Sisi wenyewe ndio tunaotaka kuinyoosha.

Zeze nalo lina yake. Kibuyu, ngozi, kijiti, nyuzi na upinde. Yapo ya nyuzi mbili na yapo makubwa yenye nyingi zaidi. Linakwaruza pia, na mtu asiyelizoea hudhani mpigaji bado anajifunza. Njuga za miguuni ndizo adui wa fundi mitambo. Zinaingia kwenye kila maiki iliyo karibu, ya mwimbaji, ya zeze, mpaka ya ilimba iliyopakatwa. Nimewahi kuona fundi akimwomba mchezaji avue njuga ili "sauti itulie". Mchezaji, mtu mzima, alimwangalia tu, akaendelea kuzikaza kamba.

Na sauti ya mzee mwenyewe. Alikuwa akianzia chini kabisa, kwenye ngurumo ambayo spika ndogo haiitoi, kisha anapanda mpaka kwenye sauti nyembamba inayokufanya ugeuke kumtafuta mtoto anayeimba nyuma yake. Katikati hapo hakuna ngazi, anaruka. Fundi aliyenifundisha kazi, Mungu amrehemu naye, alikuwa na desturi moja tu kwa waimbaji wa aina hiyo: mkono haubanduki kwenye kitufe kuanzia salamu hadi makofi. Ukijisahau kidogo ukampandisha kwenye ngurumo, akirukia juu spika zinapiga yowe uwanja mzima unakugeukia wewe.

Nimeyasema haya yote kwa sababu ya jinsi tunavyomkumbuka. Tunamkumbuka kwa macho. Picha yake ikitolewa, ni ile ya manyoya kichwani na shanga, uso umekunjamana kwa wimbo, chini yake maneno ya kuwakaribisha watalii. Sina ugomvi na manyoya. Yalikuwa mavazi yake ya kazi, kama vile mimi na ovaroli, na aliyavaa kwa fahari. Lakini nikijiuliza ni vitu gani alivyovitunza mtu huyu kuliko vingine, kwa kumtazama alivyotumia maisha yake na si kwa kusoma bango, ninavyoviona ni ilimba, zeze na njuga. Na lugha yake: aliimba Kigogo mbele ya watu wa mataifa ambao hawakujua hata Kiswahili. Vitu hivyo vyote vina sifa moja. Vinapiga kelele ambayo mgeni hudhani ni kasoro.

Kuna bwana mmoja tulikuwa tunakunywa naye kahawa akapendekeza ilimba kama zile zote ziwekwe makumbusho, ndani ya kabati la kioo, zisiharibike. Nilimwuliza buibui akiingia kwenye hilo kabati atafanywaje. Akasema atapuliziwa dawa. Nikaagiza kashata tukabadilisha mazungumzo.

Wapo pia wanaomwita mwimbaji wa serikali. Hilo si uzushi. Aliitwa na Rais, alikuwa mmoja wa wasanii wa taifa, alimwimba Mwalimu na akaiimba nchi. Moja ya kazi zake za mwanzo kusikika nje, miaka ya themanini, inaitwa Tanzania Yetu. Lakini mimi naona wanaosema hivyo wanasikiliza maneno tu. Nchi ilikuwa na bendi za jazz kwa kazi hiyo, ilikuwa na tarumbeta za polisi. Yeye alikwenda kuisifu kwa kibuyu chenye nyuzi na chuma cha kufua, na hakupandisha hata ulimi mmoja ili ulingane na tarumbeta ya mtu. Kama serikali ilimtumia, na yeye aliitumia kupitisha Doduma mzima mlango wa mbele.

Kesho yake baada ya mzee kufariki tulikuwa tunafunga spika za mkesha wa mwaka mpya kwenye shughuli ya mtu binafsi. Habari ilifika jioni, imeletwa na mwendesha baiskeli aliyekuja kuuliza kama tumesikia. Mwenye shughuli hakuahirisha, na sidhani alipaswa. Fundi wangu akafunga waya zake, akafanya kazi mpaka usiku wa manane, na katika kaseti zote alizoweka hakuweka hata wimbo mmoja wa mzee. Watu walimwomba. Akasema hajazileta. Zilikuwa kwenye mkoba, nilizibeba mimi. Tuliporudi nikamwuliza, akajibu kwamba penye pombe si pa kumzikia mtu.

Mwaka uliofuata, 2004, akafa na Charles Zawose, mpwa wake, waliyekuwa wakipiga na kuzunguka pamoja. Mji ulizoea vibaya. Ulidhani ilimba ni kitu kinachokuwepo tu, kama bahari.

Haikunyamaza lakini. Msafiri Zawose, mwana wa mzee Hukwe, ameendelea hapahapa. Mwaka 2017 alitoa Uhamiaji, ambayo vijana wa disko la Ulaya wanaijua kuliko vijana wa stendi ya Bagamoyo. Na mwaka 2024 wakatoka The Zawose Queens, yaani Pendo, binti wa mzee Hukwe, na Leah, mjukuu wa mzee huyo, na albamu waliyoiita Maisha.

Hapo kwa Queens nina neno. Kwa desturi ya Kigogo mwanamke ana ngoma yake, muheme, anayoibana katikati ya mapaja na kuipiga kwa viganja, na asiyewahi kumsikia mama wa Kigogo akipiga muheme asinieleze habari za besi. Ilimba na zeze vilikuwa vya wanaume. Mwanamke aliitikia, alicheza, alipiga ngoma. Kukaa mbele na ilimba na kutunga wimbo wake haikuwa zamu yake. Sasa Queens wamekaa mbele.

Mkwe wangu ni Mgogo wa Chamwino, na kila mwaka lile tamasha la muziki wa Cigogo likikaribia huko kwao anaanza kufunga mizigo kabla hajapewa nauli. Alipokuja kututembelea nikamwekea Maisha sebuleni, nikamkalia mbali kidogo kama inavyompasa mkwe, nikamwuliza, "Mama, hii ya wanawake kushika ilimba mnaionaje ninyi wenyewe?"

Akasikiliza wimbo mpaka ukaisha. Mama yule hakatizi wimbo.

"Baba," akasema, "tulikuwa tumekaa pembeni tukiwasikiliza miaka yote hiyo. Ulidhani masikio ni ya kiume?"

Kisha akaniambia niongeze sauti, muheme hausikiki. Alikuwa sahihi, nilikuwa nimepunguza besi kwa ajili ya mtoto aliyelala.

Sikupendezwa na kila kitu kwenye kazi hiyo. Pana mahali sauti za mashine zimesogea karibu mno na ilimba, nami kwa upande wangu ningezirudisha nyuma hatua mbili. Lakini chuma kinakwaruza. Waliorekodi hawakukinyoa, na waliopiga wasingekubali.

Kwa hiyo kama wewe ni fundi mdogo na msimu huu utapewa jukwaa lenye ilimba, nikuombe mambo machache ya kikazi. Maiki isiwekwe kwenye vidole vya mpigaji, iteremshe ielekee tundu, kiasi cha shibiri moja, na uiweke upande kidogo isipigwe na pumzi yake akiimba. Usikate sauti za juu. Najua mkono utakuwasha. Njuga zipe maiki yake sakafuni, ukizipa nafasi zao zitaacha kuvamia za wenzake. Muheme usiuweke nyuma ya pazia. Kabla ya onyesho nenda ukasalimie, uulize utando wa buibui uko salama au umepasuka safarini, maana ukipasuka mtu atahitaji nusu saa ya kutafuta mwingine, na nusu saa hiyo uipiganie kwa mwenye ratiba.

Na mshereheshaji mwambie mapema asisome wasifu mrefu. Picha ya manyoya ipo ukutani, inatosha. Watu wamelipa kiingilio.